Kukaba ni shambulio au siyo? Jibu liko kwenye dadu

Kila kundi ninaloliongozea Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, unaoamuliwa kwa dadu) hapa Arusha hufika siku mchezaji akasema, "Namkaba!" na meza nzima ikaanza kubishana. Je, hilo ni shambulio? Inategemea mnacheza kwa kanuni za 2014 au zilizorekebishwa 2024.

Kwa zile za 2014, kukaba huchukua nafasi ya pigo lako moja, ila hurushi dadu ya kushambulia. Mnashindana: wewe unarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha alama za riadha za mhusika wako, adui anajibu kwa riadha au sarakasi, atakavyo mwenyewe. Deraya yake haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo askari aliyejifunika chuma mwili mzima, ambaye mapanga yenu yanamdunda tu, anakabika vizuri sana. Upande wa pili, uganga unaokuongezea kwenye dadu za kushambulia haukusaidii hapa, na ukipata 20 bado hujashinda mpaka jumla yako izidi ya mwenzako.

Mwaka 2024 kukaba kukawa namna mojawapo ya pigo la mikono mitupu. Mkabaji harushi kitu. Anayekabwa ndiye anarusha dadu kujinusuru kwa nguvu au wepesi, na lazima afikie 8 ukijumlisha nyongeza ya nguvu zako na nyongeza yako ya ujuzi. Mimi naipenda zaidi hii. Adui anayekukimbia sasa unaweza kumdaka anapotoka karibu yako, jambo ambalo kanuni za zamani hazikuruhusu.

Wiki iliyopita tulikuwa Sakina, mpiganaji wa daraja la 5 mwenye nguvu 18 (nyongeza yake ni 4) akamvaa zimwi. Hesabu yake: 8, na 4 ya nguvu, na 3 ya ujuzi, jumla 15. Zimwi lina nguvu 19, yaani linaongeza 4, hivyo kwenye dadu lilihitaji 11 kwenda juu. Nusu kwa nusu. Likapata 7, likakabwa. Daraja hilo lina mapigo mawili, basi la pili akalitumia kulisukuma chini, likaanguka. Kusimama kunakula nusu ya mwendo wako, na aliyekabwa mwendo wake ni sifuri. Zimwi likabaki chini! Waliokuwa karibu nalo wakawa wanarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Mpiga mishale aliyesimama mbali ndiye aliyeumia, maana yeye anachukua ndogo.

Wengi wanakosea hapa: wanadhani aliyepigwa kabali hawezi kufanya lolote. Anaweza kupiga, anaweza hata kuroga. Kilichokufa ni miguu yake. Kanuni za 2024 zinaongeza kwamba akimshambulia mtu mwingine asiyekuwa mkabaji, anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Akitaka kujinasua, anatumia tendo lake la zamu hiyo, na kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko pigo la upanga.

Kabla sijamruhusu mtu kukaba naangalia mikono na ukubwa. Mwenye upanga na ngao hana mkono mtupu, aachie kimoja kwanza. Na huwezi kumkaba anayekuzidi zaidi ya saizi moja: zimwi sawa, ila jitu lenye saizi mbili juu yako, hata dadu usiishike.