Mleleshwa usio na pamba si tasa

Wengi Gilgil na Nakuru, Kenya, huuona mleleshwa (mti mdogo wa porini) usio na pamba, wakadhani ni tasa au unaugua, wakaukata. Sivyo. Kuna mleleshwa dume na mleleshwa jike, kila mmoja mti wake. Majani hayakusaidii kuitofautisha: yote ni kijani juu, yana vinywele vyeupe chini, na hunukia kafuri ukiyafikicha. Subiri maua. Ya dume hutoa chavua, yakanyauka na kuwa kahawia. Ya jike hufunikwa na nyuzi nyeupe, ndiyo pamba yenyewe. Papasa kishada kwa vidole, utagusa mbegu ndogo ngumu katikati. Ukimaliza madume, majike ya karibu hukosa chavua na mbegu hazikui. Tafadhali yaache. Uliokwisha kukatwa, using'oe kisiki: huchipua tena.