Kuzidisha namba za nukta elea ndani ya FPGA: zile biti 7 zinazobaki nje

Kila anayeanza kujenga kizidishi cha namba za nukta elea (namba zenye desimali ambazo nukta yake huhama) ndani ya FPGA hudhani kazi iko kwenye kuzidisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kuzidisha kwenyewe chipu imeshakutengenezea. Kinachokutoa jasho ni biti 7 zisizoenea mlangoni.

Kwa asiyeijua, FPGA ni chipu inayotoka kiwandani bila kazi maalumu. Ndani yake kuna maelfu ya majedwali madogo ya mantiki, tunayoyaita LUT, na nyaya za kuyaunganisha utakavyo. Pembeni yake kuna matofali ya hesabu, yaani DSP, yaliyochongwa tayari kwa ajili ya kuzidisha. Tofali la DSP lina kasi kubwa na halili umeme mwingi, lakini ni la kuhesabika. Bodi yangu ya mezani ina FPGA iitwayo Artix-7, ya modeli 35T, na humo matofali ni 90 tu.

Namba ya biti 32 kwa IEEE 754, kiwango cha kuandika namba hizi, ina biti 1 ya alama (chanya au hasi), 8 za kipeo (nukta ihame nafasi ngapi) na 23 za mantisa (tarakimu zenyewe). Kuna na biti moja isiyoandikwa, ile 1 iliyo mbele ya nukta, kwa hiyo mantisa halisi ni biti 24. Alama ya zao, yaani jibu la kuzidisha, inamalizwa na geti moja ya XOR, inayotoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana. Vipeo vinajumlishwa, kisha unaondoa 127 kwa sababu kila kipeo kimehifadhiwa kikiwa kimeongezwa 127. Hapa pana ujanja ninaoupenda: 127 ni 128 kasoro 1. Mwingizie mjumlishaji 1 kama ile ya "mkononi" tuliyofundishwa shule ya msingi, halafu toa 128, ambayo inagusa biti za juu peke yake. Mtoaji mzima umeshamwepuka.

Sasa mantisa: 24 kwa 24. Tofali la Artix-7 linazidisha 25 kwa 18, lakini linahesabu namba zenye alama, hivyo kwa namba zisizo na alama unabaki na 24 kwa 17. Upande mmoja umeingia sawasawa. Upande wa pili una biti 24 na mlango ni wa 17.

Fanya kama ulivyozidisha 47 kwa 36 darasani: 47 mara 6, kisha 47 mara 30, ukajumlisha. Fungu la kwanza ni biti 24 mara 17 za chini, na zao lake ni biti 41. Fungu la pili ni 24 mara 7 za juu, biti 31. Sogeza la kwanza kulia kwa nafasi 17, ulijumlishe na la pili. Waliochora tofali hili walilijua jambo hilo, maana njia ya kusogeza nafasi 17 kutoka tofali moja kwenda jirani yake imo ndani tayari. Lakini ukifuata njia hiyo, tofali la pili zima linafanya kazi ya biti 7, na chipu yenye matofali 90 inakupa vizidishi 45. Ndiyo maana fungu dogo mimi hulijenga kwa LUT: mistari 7 ya kujumlisha, basi.

Zile biti 17 za chini kabisa za zao, zilizobaki fungu la kwanza liliposogezwa, zinasubiri nini? Karibu hakuna. Zao zima ni biti 48, na jibu linahitaji 24 za juu kuanzia ile 1 ya kwanza, biti moja ya ulinzi inayofuata, na swali moja kuhusu zote zilizobaki: je, kuna 1 yoyote humo? Thamani yake haina maana, kuwepo kwake tu ndiko kunakoulizwa. Kwa biti 17, swali hilo linajibiwa na LUT 4 zenye milango 6 kila moja.

Niliwahi kulidharau swali hilo. Matokeo ya bodi yakawa yanatofautiana na ya kompyuta kwa biti moja ya mwisho, mara chache tu, nami nikapoteza siku tatu nikishuku nyaya. Kanuni ni kwamba zao likianguka katikati kabisa ya namba mbili, unakadiria kuelekea ile ya shufwa. Mimi nilikuwa natupa zile 17, kwa hiyo namba iliyozidi katikati kwa punje nikaihesabu kuwa iko katikati.

Ukikadiria kwenda juu na mantisa yote ni 1, inafurika. Usijenge saketi ya dharura: weka kipeo na mantisa bega kwa bega kama namba moja, na ile ya mkononi itavuka yenyewe na kuongeza kipeo.

Kati ya hatua na hatua weka rejista, yaani kihifadhi kidogo cha biti, ili kila hatua ifanye kazi yake kwa wakati mmoja na nyingine. Wanaomwaga zege hupokezana karai mkono kwa mkono. Karai moja inachelewa kufika juu, lakini kila sekunde kuna karai linalomwagwa. Kizidishi changu kinachukua mapigo 6 ya saa kutoa jibu la kwanza, na baada ya hapo jibu moja kila pigo.

Chipu kama Arria 10 zina matofali yanayozidisha namba hizi moja kwa moja, na mwenye nazo hana haja ya mateso haya. Sisi wa bodi za bei nafuu tujiulize kwanza kama biti zote 24 zinahitajika pande zote mbili. Kwenye kichujio cha mawimbi nilichokijenga mwisho, upande mmoja ni namba zisizobadilika, na data inatoka kwenye kihisi cha biti 12. Hizo zisizobadilika nilizikadiria mapema kwenye kompyuta hadi mantisa ya biti 17. Fungu la pili likatoweka lote, LUT zake nikazirudisha, na kila kizidishi kikakaa ndani ya tofali moja.