Gia kuwa ngumu si klachi kwisha

Hiace ya zamani ikigoma kuingia gia pale Usa River, hukumu hutoka kabla dereva hajateremka: klachi imekwisha. Konda anasema hivyo, abiria wa siti ya mbele anasema hivyo, na kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama naye anaitikia. Fundi anapigiwa simu, anaambiwa vilevile, anakuja na seti mpya ya klachi kwapani. Jioni giaboksi imeshushwa, pleti mpya imefungwa, pesa imetoka. Kesho asubuhi gia ni ngumu kama jana.

Klachi kwisha ni jambo la kweli, ila lina maana yake, na maana hiyo haihusiani na gia kuwa ngumu. Kwa kawaida ni kinyume chake.

Klachi yenyewe ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Pleti ya duara, yenye vitambaa vya msuguano pande zote mbili, inabanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, na presha pleti, bamba lenye springi linaloibana. Mguu ukiwa nje ya pedeli, pleti imebanwa na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga, presha pleti inarudi nyuma, pleti inabaki huru, na hapo gia inaweza kubadilishwa. Ni hayo tu.

Kwa hiyo klachi ina kazi mbili, kushika na kuachia, na ugonjwa wa kazi moja si ugonjwa wa nyingine. Inapokwisha, yaani vitambaa vile vinapolika vikawa vyembamba, kinachokufa ni kushika. Gari linapakia abiria, linaanza kupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, dereva anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Harufu ya kitu kilichoungua inaingia ndani. Hiyo ndiyo klachi iliyokwisha: inateleza. Na ukitazama mkono wa dereva wakati huohuo, utaona gia zinaingia laini bila shida, maana pleti iliyolika haina tatizo la kuachia.

Gia ngumu ni kesi ya upande wa pili. Umekanyaga pedeli mpaka chini lakini pleti bado inaguswa kidogo na flaiwili, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka, na wewe unalazimisha meno yanayozunguka yaingiliane na yaliyosimama. Namba moja inagoma, rivasi inakwaruza mpaka abiria wanakunja uso. Hapo klachi haiachii. Kumwambia fundi kuwa imekwisha ni sawa na kumwambia daktari unaharisha wakati umefunga choo: dawa utapewa, tena dawa halali kabisa, na itakuumiza.

Hapa ndipo ninapoomba tuwe na subira, kwa sababu tofauti hii inaweza kupimwa na mtu yeyote barabarani, bila spana hata moja. Zima injini. Weka gari mahali tambarare, vuta handbreki, kisha pitisha gia zote, moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma injini inapowaka, klachi haiachii. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa kimya, basi klachi haihusiki kabisa, na mtu asikushawishi kuigusa.

Kipimo kingine ni rivasi. Kwenye magari mengi ya zamani rivasi haina sinkronaiza, yaani ringi inayolinganisha mwendo wa meno kabla hayajaingiliana, kwa hiyo haifichi siri. Injini ikiwa silensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, kanyaga pedeli, hesabu sekunde tano taratibu, kisha tia rivasi. Muda huo unatosha shafti ya giaboksi kutulia kama kweli imeachiwa. Ikikwaruza baada ya kusubiri, kuna kitu bado kinaizungusha.

Sasa ni nini kinachozuia kuachia? Anza na cha aibu: kapeti. Kapeti la mpira likijikunja chini ya pedeli, pedeli haifiki mwisho, na gari zima linalaumiwa. Ukishaliondoa, pampu pedeli haraka mara mbili tatu halafu jaribu gia. Ikiingia baada ya kupampu, tatizo liko kwenye oili. Van nyingi za aina hii zinasukuma klachi kwa oili ya breki: kuna silinda ya juu kwenye pedeli na silinda ya chini kwenye giaboksi, na raba ndogo ndani ya kila moja. Raba zikichoka, au upepo ukiingia kwenye bomba, mguu wako unabana hewa badala ya kusukuma klachi.

Fundi mzuri huanzia chini. Analala kwenye boksi lililokunjuliwa, anafuata bomba mpaka kwenye silinda ya chini, anainua ukingo wa kifuniko cha mpira kwa ncha ya bisibisi. Pakiwa pakavu, sawa. Kikidondoka kimiminika cheusi kinachonuka oili ya breki, kesi imekwisha hapo hapo. Juu nako anapapasa nyuma ya pedeli, na kidole kikirudi na unyevu, silinda ya juu ndiyo inayovuja kuelekea miguuni mwa dereva. Kubadili raba au silinda na kutoa upepo ni kazi isiyohitaji kushusha giaboksi. Na dereva anayeongeza oili kwenye kikopo kila asubuhi huku akisema gari linakunywa anapaswa kujua kuwa klachi haili oili. Ikipungua sana, inavuja mahali.

Van zinazovuta klachi kwa waya, kama Volkswagen za zamani zenye injini nyuma, zinaonyesha tofauti hii wazi zaidi. Pleti ikilika, ule mchezo mdogo wa pedeli kabla haijaanza kushika kazi unapungua mpaka kwisha, na klachi inaanza kuteleza. Waya ukirefuka au nyuzi zikianza kukatika, mchezo unaongezeka na klachi inaacha kuachia.

Nikiri kwa haki ya mafundi: kuna siku giaboksi lazima ishuke hata kama pleti haijalika. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili ikikwama, itaivuta shafti hata klachi ikiachia vizuri. Vidole vya presha pleti vikivunjika, au pleti ikishika kutu kwenye meno ya shafti baada ya gari kulala miezi kadhaa, hakuna njia ya mkato. Lakini haya yanakuja baada ya kukagua oili na silinda.

Na kama gia zilikuwa ngumu hata injini imezimwa? Kumbuka injini ya Hiace imekaa chini ya viti vya mbele na giaboksi iko nyuma yake, wakati mkono wa gia uko mbele kwa dereva. Mkono hauingii moja kwa moja kwenye giaboksi, unaivuta kwa mbali, na kila kiungo njiani kina bushi, kipande kidogo kinachokizuia kulegea. Vumbi linazila, mkono unalegea, unatafuta namba tatu unakutana na namba moja, au unasukuma na hakuna kinachoitikia. Bushi ni vitu vidogo. Mtu akikuambia giaboksi imekufa kabla hajamtuma msaidizi achezeshe mkono huku yeye akitazama kutoka chini, mshukuru na uondoke.

Kuna pia gia ngumu za asubuhi tu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutosha kuifanya oili nzito ya giaboksi iwe kama uji. Gari limekuja kutoka Moshi, ambako ni chini na kuna joto zaidi, halikuwa na shida, likalala Sakina hapa Arusha, kesho yake namba mbili haitaki mpaka ufike mbali kidogo. Tazama ulichomiminiwa. Mtu aliyeweka oili namba 140 kwa imani kwamba nzito ndiyo imara amekupa zawadi hiyo. Halafu kuna herufi kwenye kopo, zinazotaja daraja la oili: GL-4 na GL-5. Giaboksi nyingi za zamani zinataka GL-4, kwa sababu ringi za sinkronaiza ni za shaba ya njano na zinahitaji msuguano ili zifanye kazi. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, zile gia za kwenye ekseli. Dawa zake kali zinaweza kuidhuru shaba hiyo, na utelezi wake unazinyima ringi msuguano zinaoutaka. Kitabu cha gari ndicho kinachosema, si muuzaji wa duka.

Sinkronaiza zenyewe zikilika hujitangaza kwa gia moja au mbili, mara nyingi namba mbili, inayokwaruza unapopangua kutoka namba tatu ilhali nyingine zote ni safi. Klachi isiyoachia haichagui hivyo, inasumbua zaidi gari likiwa limesimama, na inasumbua kwa namba moja na rivasi.

Ukikwama mbali, karibu na Makuyuni kwa mfano, na klachi haiachii kabisa, gari bado linaweza kufika. Injini ikiwa imezimwa tia namba moja, hakikisha hakuna mtu mbele, piga stata: litaruka kidogo na kuondoka. Gia zinazofuata unazipata kwa kuachia mafuta na kuuvuta mkono taratibu mpaka mwendo wa injini na wa magurudumu ukubaliane. Kusimama kwenye makutano ndiko kutakakokutesa, kwa hiyo usifanye hivyo ndani ya msongamano wa mjini.

Ukimpigia fundi, basi, usimpe jina la ugonjwa. Mwambie: gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, haziingii ikiwaka, na nikipampu pedeli namba moja inakubali. Fundi anayeijua kazi atakuja na raba na chupa ya oili ya breki. Akija bado na seti ya klachi kwapani, mwombe kwa adabu aanze kuinua kile kifuniko cha mpira.