Darizi ya Kiswidi: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Mwanza hatukosi akina mama wanaofuma mashuka na vitambaa vya makochi kwa mkono. Lakini ukiwaonyesha darizi ya Kiswidi, wengi hudhani imetoka kiwandani kwa jinsi mistari yake ilivyonyooka. Hakuna mashine wala kitanda cha kufumia. Ni sindano moja, uzi, na kitambaa ambacho tayari kimeshafumwa.

"Kitambaa chochote kinafaa, mradi mkono umezoea." Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa bure. Popilini uliyoinunua Makoroboi ni nzuri kwa shuka, ila nyuzi zake zimebanana na sindano haina pa kupita bila kutoboa. Darizi hii inataka kitambaa ambacho baadhi ya nyuzi zake zinaelea juu, zimesimama kwa safu. Wamarekani walioipenda sana miaka ya 1930 na 1940 waliipamba kwenye taulo za jikoni za hakabaki, kitambaa ambacho nyuzi hizo huelea mbilimbili. Kwa mablanketi hutumika pamba nene iliyosukwa kama mkeka, nyuzi nne kwa nne. Kabla hujalipa, pitisha ncha ya sindano juu ya kitambaa: ikiingia chini ya kijiuzi na kukiinua bila kutokea upande wa pili, kinafaa.

"Sindano lazima itoboe mpaka nyuma." La hasha. Inateleza chini ya nyuzi zinazoelea tu. Geuza kazi iliyokamilika, na nyuma hutaona uzi wa rangi hata mmoja. Ndiyo maana sindano butu, ile ya kuunganishia sweta, inafaa kuliko kali, na ringi ya kukazia kitambaa haihitajiki. Ukikosea, vuta uzi utoke, anza tena. Kitambaa hakibaki na tundu.

"Bila kuchora kwa penseli au kaboni huwezi." Hapa huchori, unahesabu. Tafuta katikati ya kitambaa, kata uzi wa kutosha mstari mzima, nusu yake iache ining'inie upande mmoja. Fuma nusu nyingine kuelekea ukingoni, kisha zungusha kitambaa, ukingo wa juu uje chini, na umalizie ile iliyobaki. Hakuna fundo katikati ya kazi. Mstari mnyoofu unakula uzi kidogo kuzidi upana wa kitambaa. Mistari inayopanda na kushuka kama milima mirefu inakula maradufu na zaidi, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande. Safu ya kwanza ihesabu kwa utulivu hata ikikumalizia jioni nzima, kwa sababu safu zote za juu na chini zinaifuata hiyo.

"Nitafua nikimaliza." Fua kabla. Ile pamba nene hurudi sana ikiguswa na maji, na ikirudi baada ya kudariziwa, maua yote yanajikunja. Ila usiitumbukize kwenye beseni ikiwa imetoka kukatwa, kingo zitafumuka zote. Mpelekee fundi cherehani apige zigizaga au ovaloki pande zote, ndipo ufue na kuanika.

Kwa kuanzia, chukua kitambaa cha ukubwa wa taulo la mkono na rangi mbili za uzi. Blanketi la mtoto lisubiri.