Sebule Kuangalia Ziwa: Dhana Potofu za Feng Shui Ninazozisikia Mwanza

"Injinia, maji ni pesa. Huu ukuta wote niwekee kioo, ziwa liingie sebuleni."

Maneno haya nimeambiwa mara tatu mwaka huu. Mara ya mwisho ilikuwa Luchelele, kwenye kiwanja chenye mteremko mzuri unaoshukia Ghuba ya Mwanza, na aliyeyasema ni mama mstaafu aliyekuja na picha za nyumba za Hong Kong na California kwenye simu yake. Wateja wengi huniita injinia ingawa kazi yangu ni kuchora ramani, na hilo huwa sisahihishi. Hili la kioo na ziwa ndilo nimechoka kulisahihisha nyumba moja moja. Mama yule anajenga kwa kiinua mgongo, na kiinua mgongo mtu hukipata mara moja tu.

Niseme mapema kwamba siipingi feng shui, elimu ya kale ya Wachina ya kupanga makazi, ambayo wateja hawa huitegemea wakisema maji ni pesa. Nimeisoma, naipenda, na yapo mambo yake ninayoyatumia kila ninapochora. Kinachonikera ni kuona kanuni iliyozaliwa na baridi ya China inamwagiwa zege Nyegezi bila mtu kuuliza ilitoka wapi.

Dhana: Feng shui inataka nyumba iangalie maji, kwa hiyo ukuta wa upande wa ziwa uwe kioo

Feng ni upepo, shui ni maji. Maandishi ya kale yanayohusishwa na Guo Pu, mwanazuoni wa China aliyefariki mwaka 324, yalihusu kuchagua mahali pa kuzika wafu. Ndani yake mna wazo linalobeba elimu yote hii: chi, yaani pumzi ya uhai, ikichukuliwa na upepo hutawanyika, na ikikuta maji husimama. Kwa hiyo mtaalamu alitafuta mahali palipokingwa na upepo, penye maji ya kuizuia chi isipotee. Mgongoni uwepo mlima, ambao ni kobe mweusi. Kushoto kilima cha joka la kijani, kulia kilima cha chui milia mweupe, na mbele uwanda wazi wenye maji, makao ya ndege mwekundu.

Sasa tazama mahali wazo hilo lilipokulia. Beijing iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Majira ya baridi upepo mkali huwajia kutoka Siberia, upande wa kaskazini. Jua la adhuhuri kwao liko kusini mwaka mzima, na mwezi Desemba huwa chini kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya chumba. Mkulima wa huko aliyeipa kaskazini mgongo na kusini uso alipata joto bila kumaliza kuni. Hata kasri la wafalme pale Beijing limetazama kusini. Mwili wa binadamu ulipumzika kwanza, habari za bahati zikafuata.

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu la adhuhuri linaegemea kaskazini, miezi iliyobaki linaegemea kusini, na wakati wote huo liko karibu na utosi. Hatuna baridi ya kukimbia. Tunachokimbia ni jua la asubuhi na hasa la jioni, na jua la jioni linatoka magharibi, ambako kwa viwanja vingi vya Luchelele, Nyegezi na Bwiru ndiko ziwa liliko.

Nitumie vipimo, maana wateja wangu huamini futi kamba kuliko maneno. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.5. Likitazama kaskazini, upenu wa sentimita 80 unatosha kulikinga saa za jua kali la mchana, hata mwezi Juni jua linapoegemea zaidi upande huo. Dirisha hilo hilo ligeuze magharibi. Saa kumi na moja jioni jua liko chini sana, na ili kulitia kivuli lote ungehitaji upenu wa karibu mita 3. Hakuna fundi atakayekutengenezea upenu wa namna hiyo bila nguzo. Halafu ongeza maji yenyewe: jioni ziwa linakuwa kioo cha pili, mwanga unapiga juu ya maji na kuingia ndani kutokea chini, mahali ambapo upenu hauna kazi yoyote. Sebule inapigwa na majua mawili.

Kuna nyumba moja kwenye mlima wa Bwiru niliyoichora nikiwa bado naogopa kubishana na mwenye pesa. Alitaka kioo cha mita sita kuelekea magharibi, nikampa. Miaka miwili baadaye nilipita kumsalimia saa kumi jioni. Mapazia mazito yamefungwa, kiyoyozi kinaunguruma, sebuleni hakuna mtu. Familia yote imekaa nyuma, kwenye mkeka chini ya mwembe, karibu na jiko. Ziwa wanalitazama asubuhi na baada ya jua kuzama. Mzee aliniambia anaongeza luku kila wiki, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, jambo lililoniuma zaidi. Kosa lile ni langu, na ndilo linalonifanya niwe mbishi leo.

Ukitaka kufuata feng shui kweli, anza na upepo, maana jina lenyewe limeanza nao. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kuijaza nafasi. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka mlimani kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa wanaijua hesabu hii kuliko sisi tuliosoma. Kwa hiyo kila chumba kinataka matundu mawili, moja upande wa ziwa na jingine upande wa mlima, yote na wavu wa mbu. Ukuta wa kioo kisichofunguka unakupa picha ya maji na kukunyima upepo wake. Umechukua shui, umeitupa feng.

Mpangilio wangu kwenye kiwanja cha namna hii hauna ugumu. Nyumba iwe ndefu kutoka mashariki hadi magharibi, kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha makubwa yawe huko. Upande wa magharibi weka baraza pana yenye paa, angalau mita 2.5, na nyuma yake mlango na madirisha ya kiasi. Ziwa utaliona ukiwa umekaa barazani, na hapo ndipo watu wa huku hukaa jioni. Baraza hiyo ndiyo uwanda wa ndege mwekundu, kama unapenda majina.

Wapo pia wanaosema ukiwa karibu zaidi na maji ndiyo chi inakuwa nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe lilieleza sababu: Mei 2020 kina chake kilivuka kidogo rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye majengo yaliyosogezwa ufukweni. Wataalamu wa kale wa China nao walitaka maji yanayoizunguka nyumba kwa mbali na kwa upole. Maji yanayoipiga nyumba waliyahesabu kuwa kasoro.

Dhana: Mwamba mkubwa mgongoni ni baraka

Hii nayo ni ya kwetu kabisa, maana hili ni jiji la miamba. Mtu anaona jiwe lenye ukubwa wa lori juu ya kiwanja Isamilo au Mabatini, anasema huyu ndiye kobe wangu, anajenga chini yake.

Kobe wa feng shui ni mlima uliotulia, wenye miti, ulioachiana nafasi na nyumba. Jiwe lililoning'inia juu ya paa wataalamu hao hao wanalihesabu kuwa tishio. Na ukiacha elimu yao, tazama jiwe lenyewe. Mengi ya mawe yetu ya matale yalichongeka yakiwa ndani ya udongo, kisha udongo ukachukuliwa na mvua yakabaki yamesimama. Mvua haijaacha kazi hiyo. Fundi akikata mteremko chini ya jiwe ili kupata kiwanja tambarare, anaisaidia. Kabla ya kuchimba msingi, mwite mtu anayejua miamba akague jiwe limekalia nini. Uwazi wa kuingiza mkono chini yake unatosha kukufanya usimame.

Kuna na joto. Mwamba hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Chumba cha kulala kilichobanwa mita moja kutoka kwenye jiwe lililopigwa na jua la jioni hakitapoa mpaka usiku wa manane. Acha nafasi, panda mti kati yake, na chimba mfereji wa kukata maji ya mlimani kabla hayajafika ukutani. Ukiniuliza pesa ya kwanza kwenye kiwanja cha mlimani iende wapi, iende kwenye mfereji huo, hata kabla ya tofali.

Mengine, kwa kifupi

Kona ya utajiri. Shule ya dira, yaani wafuasi wa feng shui wanaopima kwa dira, inasema ni kusini-mashariki mwa nyumba. Shule iliyoenezwa Marekani na mwalimu Lin Yun miaka ya 1980 inasema ni kona ya mbali kushoto ukisimama mlangoni, dira isiguswe. Kwenye nyumba nyingi hizo ni kona mbili tofauti. Mteja mmoja alitaka nihamishe stoo na choo ili kona hiyo "ipumue". Nilimwonyesha zote mbili kwenye ramani, akaacha mwenyewe. Kwamba kona ya chumba huleta pesa, hilo halijathibitishwa na mtu yeyote.

Mianzi ya bahati. Ule mmea unaouzwa ndani ya glasi ya maji si mwanzi. Ni Dracaena sanderiana, na asili yake ni Afrika ya Kati, Kameruni ikiwemo. Ni mmea mzuri, hauhitaji jua kali. Uweke kwa sababu unaupenda.

Kioo cha kujitazamia mbele ya kitanda kwamba kinaleta mtu wa tatu kwenye ndoa: hapana. Kama kinakushtua ukiamka usiku, kisogeze.

Kwamba mwaka 2024 ilianza zama ya tisa, kipindi kipya cha bahati kitakachofika 2043, kwa hiyo milango ibadilishwe. Hiyo ni hesabu ya shule moja ya dira. Mlango uliokaa vizuri mwaka 2023 umekaa vizuri leo. Usibomoe linta kwa ajili ya kalenda.

Choo kisiwe katikati ya nyumba. Hapa nakubaliana nao moja kwa moja, tena kwa msisitizo. Choo cha katikati hakina dirisha la nje, mabomba yake yanapita chini ya vyumba, na siku yakiziba utavunja vigae vya sebule kutafuta chemba. Choo kikae kwenye ukuta wa nje, upande ambao upepo wa mchana unatokea nyumbani kwenda nje.

Kitanda kisitazamane na mlango bali kiuone kwa pembeni, mgongo wa kitanda ukiwa ukutani. Nalipenda hili. Jaribu kulala hivyo wiki moja.

"Feng shui ni ushirikina" au "ni dini ya Wachina." Ndani yake mna sehemu mbili. Moja ni ya kusoma ardhi, upepo, maji na jua, na hiyo haina imani maalumu. Wazee wa Kisukuma waliozungushia kaya zao ua wa minyaa walikuwa wanautuliza upepo vilevile. Nyingine ni ya kutabiri kwa dira na tarehe ya kuzaliwa. Hiyo siigusi, na mteja akiitaka namwambia akazungumze na imani yake kwanza.

Kabla hujanilipa hata shilingi

Ushauri wangu kwa kila anayenunua kiwanja ni mmoja, na wateja wanajua sitachora mpaka ufanyike. Chukua fito ya mita mbili, funga juu yake kipande cha kanga kuukuu, isimamishe katikati ya kiwanja. Nenda saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Kaa nusu saa kila mara, kwenye kiti, simu ikiwa mfukoni. Andika kanga inaelekea wapi, kivuli cha fito kinaangukia wapi, ngozi yako inasemaje. Kama ni msimu wa mvua, rudi siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Yule mama wa Luchelele alininunia, kisha akaenda na mjukuu wake. Saa saba mchana kanga ilikuwa inapepea kuelekea mlimani. Saa kumi na moja jioni alishindwa kukaa akilitazama ziwa, aligeuza kiti. Saa tatu usiku alinipigia simu akiwa bado kiwanjani, akasema kanga imegeuka, sasa inaelekea majini, na ubaridi unamjia kutoka mlimani, nyuma yake.

"Basi injinia," akasema, "mimi nilale upande huu wa mlimani. Na ile baraza uliyoisema, niongezee iwe ya mita tatu."