Wageni wa wodi na sisi masista wakongwe

Kila wakiripoti manesi wapya, wale wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, waliotoka na diploma na wale wa digrii waliokuja intanshipu, chumba cha chai maneno ni yale yale: watoto wa siku hizi hawajui kazi, sisi tulinyooshwa na masista wakali mpaka tukanyooka, na wao wanyooshwe. Nimekaa leba, wodi ya kujifungulia, hapa Mombasa miaka mingi na mimi pia huitwa sista mkali, nakubali, lakini hii habari ya kunyooshana nimeichoka wallahi. Mgeni ukimtisha kazi haimuingii kichwani, anachojifunza ni kunyamaza tu, na leba mtu akinyamaza ni balaa.

Mlio kwenye fani mnaijua ripoti ya asubuhi. Mtoto wa watu ametoka naiti, macho mekundu, anatoa ripoti kitanda kwa kitanda, alafu sista mmoja anamkatiza mbele ya wagonjwa na wanafunzi, "kwani kwenu kanula ndo hufungwa hivi?" (kanula ni kile kimpira cha mshipani cha kupitishia dripu). Wengine hawasemi kitu, wanasonya tu na kuangaliana. Ama mgeni anauliza troli ya dharura inaekwa wapi, anajibiwa kwani huko chuo mlifunzwa nini, kana kwamba kuna chuo kinachofunza troli yetu inakaa nyuma ya mlango gani. Na akichelewa kwa foleni ya feri Likoni ni mvivu, mkongwe akichelewa na feri hiyo hiyo, basi ni feri.

Wala hili si letu pekee. Huko Marekani Judith Meissner aliandika mwaka 1986 kwamba wauguzi wanawala watoto wao wenyewe, yaani wakongwe wanawatesa wageni, na kabla yake, 1974, Marlene Kramer alishatoa kitabu kizima kuhusu ule mshtuko wa kutoka darasani kuingia wodini na vile unavyofanya manesi waache kazi. Hao wageni wa 1974 saizi ni mabibi wamestaafu, kwa hivyo hayo ya watoto wa siku hizi tuyaache.

Mimi naona tatizo kubwa ni kwamba tumesahau vile tulivyojifunza. Patricia Benner, nesi mtafiti wa Marekani, 1984, aliigawa safari ya nesi hatua tano, kuanzia asiyejua mpaka mbobezi, na akasema mtu huiva kiasi akishafanya kazi ya aina moja miaka miwili mitatu. Mbobezi hahesabu tena kanuni moja moja, anaona jambo lote kwa mpigo. Mfano, nikipita kwa mama aliyejifungua nusu saa iliyopita nasema tu "huyu simpendi", mgeni anaangalia presha, iko sawa, ananishangaa. Kumbe mimi nishaona mama hatulii, anaomba maji kila saa, jasho la baridi, na mapigo yamepanda. Presha hukawia, mwili wa mama kijana hujikaza mpaka damu nyingi ishatoka ndo inaanguka ghafla. Ukishika tumbo unakuta nyumba ya mtoto imelegea wakati inafaa iwe ngumu. Haya yote nayaona kwa jicho moja na nadhani kila mtu anayaona, mgeni asipoyaona namuita mzembe, na ingekuwa dakika moja tu kumshika mkono, niueke pale tumboni nimwambie hisi hapa, imelegea, sugua mpaka ikaze.

Sasa mtu ataniuliza hiyo dakika iko wapi, naiti muko wawili, vitanda vimejaa, mwengine yuwasukuma na mwengine ndo anashuka kwa tuktuk pale nje. Kweli. Tangu huduma za afya zitoke serikali kuu ziende kwa kaunti 2013 tumepitia migomo, ule wa 2017 peke yake karibu miezi mitano, watu wamechoka na wana hasira ambazo mgeni hazimhusu. Na kuna lile tusilolisema: sista wa diploma mwenye miaka yake ishirini anajua huyu wa digrii aliyekuja jana huenda kesho akawa incheji wake, yaani msimamizi wa wodi, basi kila kosa dogo linapigiwa tarumbeta.

Ukali mwengine nauunga mkono. Nikiona mgeni amevuta potasiamu kwa sindano anaelekea kwa kanula nitapiga kelele mpaka mlinzi wa geti asikie, maana hiyo haidungwi mshipani hivo, lazima ichanganywe kwenye dripu iende polepole, ikiingia yenyewe moyo waweza kusimama. Hapo siombi radhi. Ila mgonjwa akishakuwa salama tunaenda pembeni namueleza, na hayo yanaishia hapo. Najipima kwa naiti inayofuata, akija mwenyewe kuniuliza "sista, hii naichanganya vipi" najua sijamharibu.

Kwa nyinyi wageni, kuna Martha Griffin, Mmarekani pia, 2004 aliwapa manesi wapya vikadi vya maneno ya kujibu, kama mtu akikukunjia uso unamwambia naona kuna kitu wataka kuniambia, niambie tu moja kwa moja. Huku Pwani ukimwambia hivo sista wa umri wa mamako utaambiwa huna adabu. Mfuate baada ya ripoti akiwa peke yake, "shikamoo sista, naona pale kitanda cha tatu sikufanya sawa, nifunze." Wengi ukiwaomba wakufunze ukali unawaisha, wengine hata watakuletea mahamri. Yupo asiyebadilika, huyo andika tarehe na maneno aliyosema, umpelekee incheji.

Na maincheji, rota, ile ratiba ya zamu, ni yenu. Wageni wawili msiwaeke naiti moja leba, wala mgeni msimbandike kwa sista anayejulikana hapendi kufunza eti ndo amnyooshe. Ulizeni nani anataka kukaa naye, na akipatikana mpunguzieni vitanda hiyo wiki.