Jino linalotikisika, na mirunda isiyotolewa kwa wakati

Juzi mama mmoja, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, alishika jino lake la mbele kwa vidole viwili akalitikisa. "Mwanangu, ling'oe tu, limenichosha." Jino halikuwa na tundu hata moja. Nilipoingiza kifaa cha kupimia kati ya jino na fizi kikazama milimita 7. Fizi ikiwa nzima, hakizidi 3.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzinyuzi ambazo tabaka lake halifiki nusu milimita: upande mmoja zimezama kwenye mfupa, upande wa pili kwenye simenti, yaani tabaka gumu la jino lenyewe linalofunika mzizi. Ugaga ukijificha chini ya fizi, bakteria huamsha uvimbe, na uvimbe huo hula nyuzi na mfupa polepole, mara nyingi bila maumivu.

Tukisafisha, uvimbe unatulia, lakini kilicholiwa hakirudi chenyewe. Seli za ngozi ya fizi zina mbio mno: hushuka zikafunika mzizi kabla seli za nyuzi hazijafika. Mwaka 1982, Nyman na wenzake wa Sweden walionyesha kuwa ukiizuia ngozi hiyo kwa utando, nyuzi mpya zinaweza kujishikiza tena. Mwaka 2004 watafiti wakapata seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli mpya za nyuzi, ndani ya nyuzi zenyewe, kutoka kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, magego ambayo sisi huyatupa!

Seli hizo haziwezi kumwagwa tu kidondani zikategemewa kukaa. Zinahitaji kiunzi cha polima, kitu cha jamii ya plastiki, chenye vitundu vya kujishikilia. Hapa Dodoma kila mtaa unajengwa, kwa hiyo kila mtu ameona mirunda ikibeba zege hadi likauke, kisha ikaondolewa. Kwangu mimi, ugumu wote uko kwenye huko kuondoka. Polima ya asidi ya laktiki na glikoliki huyeyuka ndani ya wiki au miezi. Polikaprolaktoni hukaa miaka. Mwaka 2015 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyewekewa kiunzi cha polikaprolaktoni kilichochapwa kwa kompyuta. Kilitulia mwaka mzima, mwezi wa 13 kikachomoza nje ya fizi, mwishowe kikatolewa. Mirunda ilikawia.

Wajapani wa Tokyo walipita njia ninayoipenda zaidi. Walikuza seli za nyuzi za mgonjwa mwenyewe juu ya polima inayoziachia ikipoa chini ya nyuzijoto 32, zikabanduka kama utando mmoja bila kukatwakatwa. Wakapanga tabaka tatu na kuzifunika kwenye mzizi. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wagonjwa 10: mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na fizi, ilipungua kina na mfupa ukaongezeka. Kumi ni wachache, lakini ni binadamu, si panya.

Kwenye kliniki yangu hakuna utando huo. Mama wa Hombolo nilimkwangua ugaga chini ya fizi kwa vikao viwili, nikalifunga jino na wenzake kwa waya mwembamba, nikamwonyesha namna ya kulaza mswaki mpaka kwenye ukingo wa fizi. Atarudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Jino bado analo.